Miche ya shuleni isife kiangazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe walimu na kamati za shule jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Hapa Dodoma mvua huanza Desemba na kukatika Aprili. Kila mwaka tunapanda miti kwa shangwe, wageni wanapiga picha, na kufikia Agosti panabaki vijiti vikavu. Inaniuma, kwa sababu maji ya kuinusuru tunayamwaga wenyewe.

Chukua chupa ya maji iliyotupwa, toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, kisha ifukie kichwa chini kando ya mche. Mtoto akija na maji aliyosuuzia kikombe cha uji, anajaza. Yanadondoka taratibu hadi kwenye mizizi badala ya kukaukia juani. Maji yenye sabuni nyingi yasitumike.

Miche nayo si lazima inunuliwe. Mbegu za mkwaju zimo kwenye ukwaju wanaomung'unya watoto wakati wa mapumziko: ziloweke usiku kucha, zipandwe kwenye pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini. Za mwarobaini zipandwe mapema kabla hazijakauka, maana hupoteza uhai upesi.

Kila mtoto apewe mche wake tangu darasa la tatu, na akimaliza la saba aukabidhi kwa mwenzake wa madarasa ya chini. Likizo ya Juni iwe na zamu ya kumwagilia, wazazi tunaoishi jirani tukiwamo. Mimi nimeshajiandikisha kwa Jumamosi.

Mzazi,
Dodoma