Shangazi, mimi sikusema mapepo

Shangazi, nakuita hivyo kama wote wanavyokuita, ingawa huenda umri nimekuzidi. Bwana Yesu asifiwe. Huku Minnesota ni saa nane usiku. Kwetu Iringa kumeshakucha zamani, watu wako shambani, na mimi nimekaa jikoni kwa mwanangu na taa moja kwa sababu usingizi umenikataa tangu Jumamosi.

Nianze na linaloniuma: mimi sikusema mapepo. Mwanangu ndiye aliyesema, tena kwa Kiingereza, mbele za watu, anacheka, mkono ameniwekea begani. Akasema Mama anaogopa mapepo ya Halloween, ile sikukuu ya huku ambayo watoto huvalishwa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakipewa pipi. Wote wakacheka. Kiingereza ninakielewa, Shangazi. Nimeandika ripoti za kliniki kwa Kiingereza miaka yote ya kazi yangu. Alidhani nimekisahau?

Unajua mambo haya yalivyo. Unaitwa uje kulea, unaacha nyumba yako na kuku wako, unapanda ndege. Ukifika unashukuriwa kwa kupika, kwa kufua, kwa kubembeleza usiku. Lakini kile unachokijua kuliko wao hakuna anayekitaka.

Jumamosi kanisa wanakosali lilifanya sherehe ya watoto kabla ya Halloween yenyewe, ambayo ni Ijumaa hii. Magari yanapangwa mstari uwanjani, buti zinafunguliwa na kupambwa kwa maboga yaliyochongwa macho na meno na utando wa buibui uliotengenezwa kwa pamba, halafu watoto wanapita buti hadi buti na vindoo vyao wakitiliwa pipi. Sikuona ubaya. Ukiichapa barua hii naomba sentensi hiyo usiiondoe: sikuona ubaya. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye ametimiza miaka miwili majuzi, walimvalisha nyuki, mabawa yanachezacheza mgongoni, nikampiga picha mwenyewe na kuwatumia wadogo zangu. Yule mdogo, wa miezi minane, alivalishwa boga, duara zima la kitambaa lililojazwa sufi, naye amelala humo fofofo hajui kinachoendelea.

Ndipo nikaona shavu la mkubwa limetuna upande mmoja. Kumbe ana pipi ngumu ya mviringo, saizi ya gololi, na anakimbia nayo. Sikumpiga. Sikupiga kelele, wasikudanganye. Wala sikumtia kidole kinywani, maana kidole kinaweza kuisukuma ikaingia kooni. Nilimshika kifua, nikamwinamisha, nikamwambia tema, temea kwa Bibi. Akatema kiganjani mwangu. Akaangua kilio kwa sababu utamu umeondoka, ndivyo watoto walivyo. Mke wa mwanangu akaja mbio, akamchukua kutoka mikononi mwangu bila kuniuliza neno, na watu wamegeuka wanatutazama. Hapo ndipo mwanangu akaona aibu yake aifunike kwa kunitumia mimi. Mama anaogopa mapepo.

Mchungaji wa watu, mpole kabisa, akanifuata na kikombe cha chokoleti ya moto. Akanieleza taratibu kwamba Halloween ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, kwamba ni michezo tu ya watoto, nisiwe na hofu. Mimi! Nimefundisha Shule ya Jumapili. Tarehe 31 Oktoba kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ni ukumbusho wa Matengenezo ya Kanisa, siku Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, na kwamba kesho yake ni Watakatifu Wote nalijua hilo tangu darasa la kipaimara. Dayosisi yetu ya Iringa na Walutheri wa mji wa St. Paul hapa ni ndugu wa siku nyingi, wageni wao wamekula mezani kwangu. Leo nafundishwa nisiogope boga. Nilimshukuru yule mchungaji kwa sababu kosa si lake, alielezwa hivyo na mwanangu.

Nilikuwa muuguzi kliniki ya mama na mtoto. Nimepima watoto kwenye ule mzani wa kuning'iniza mpaka mkono unakufa ganzi. Nimepokea mtoto aliyekwamwa na punje ya hindi, mama yake amekimbia naye kutoka stendi na kanga imemwanguka njiani. Yaliyofuata siyaandiki. Kwa hiyo nikiona shavu limetuna siwazi mapepo, nawaza njia ya hewa ya mtoto wa miaka miwili ilivyo nyembamba, na jinsi anavyovuta pumzi kwa nguvu akicheka au akikimbia.

Wala haya si maneno ya Iringa. Madaktari wa watoto wa huku huku Marekani wanasema mtoto chini ya miaka minne asipewe pipi ngumu, karanga nzima wala bisi. Chini ya miaka miwili asiongezewe sukari kabisa. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, hata ya kulambishwa. Karatasi ya kliniki yenye maneno hayo iko kwenye friji ninalolitazama sasa hivi, imeshikizwa kwa sumaku chini ya picha yao ya harusi. Siyo mimi niliyeibandika.

Sasa Ijumaa wanataka kwenda nyumba kwa nyumba na watoto wote wawili. Kipindi hiki huku jua linazama saa kumi na mbili, na wao wanatoka baada ya hapo kwa sababu ndipo taa za vibarazani zinawashwa, na nyumba yenye taa ndiyo inayogongwa. Mtaa huu hauna njia ya waenda kwa miguu, mnatembea na magari. Usiku huu nikitafuta usingizi nimesoma kwenye simu kwamba watafiti walilinganisha Halloween za Marekani kuanzia 1975 hadi 2016 na jioni nyingine za majira hayo hayo, wakakuta vifo vya watembea kwa miguu wanaogongwa na magari vinazidi kwa asilimia 43. Bora nisingesoma.

Halafu baridi. Baridi naijua, usiniambie. Makete asubuhi za Julai jalidi inalala juu ya majani. Lakini jirani wa hapa, mama mtu mzima anayeishi peke yake, amenisimulia Halloween ya 1991, theluji ilianza watoto wakiwa barabarani na haikukoma mpaka imepita sentimita 70. Na lile boga la mdogo, ukimvalisha kisha umkalishe kwenye kiti chake cha garini, mikanda haimkazi sawasawa. Nilimwonyesha mke wa mwanangu. Nilimwonyesha kwa upole, nikaingiza vidole chini ya mkanda aone nafasi iliyobaki. Akasema, sawa Mama. Unazijua sawa za namna hiyo.

Mtoto wa miezi minane hali pipi, Shangazi. Ndoo yake wanakula wakubwa. Kesho hatakumbuka alikwenda wapi. Anatolewa usiku kwa ajili ya picha, na sijui kama nina haki ya kulisema hilo.

Lakini pia sitaki unione mtu wa kukataza kila kitu. Kwetu Krismasi watoto wanapita nyumba hadi nyumba na nguo mpya, wa majirani zetu Waislamu wanapita Idi, na wote tunawapa chochote. Ni jambo jema mtoto kujua milango ya mtaani kwake. Yule jirani amekwisha nunua pipi zake, bakuli liko tayari pale mlangoni, na ameniambia watoto wadogo ndio anaowasubiri. Pembeni ameweka boga la rangi ya buluu inayoelekea kijani. Nilimuuliza, akasema ni alama ya kwamba kwake kuna vitu visivyoliwa, stika na vikatuni, kwa ajili ya watoto wanaodhuriwa na karanga au maziwa. Nikamwambia hicho ndicho kitu cha maana. Kwake wakienda mchana, wakapokea stika, wakarudi kulala, mimi nitawavalisha mwenyewe. Nimeanza hata kumfumia mdogo kofia ya sufu inayoingia ndani ya ile ya boga, maana ile ya dukani ni kitambaa chepesi hakizibi masikio. Nimefika nusu.

Nilitaka nimwambie mke wa mwanangu aniachie mdogo hapa nyumbani Ijumaa, waende na mkubwa tu, pipi ngumu zitolewe kwenye ndoo kabla hajafika nyumbani. Ni ombi kubwa hilo? Nikilisema, mwanangu atasema ni yale yale ya mapepo. Ameshaniwekea neno kinywani, na sasa kila nitakalosema litasikika kwa neno hilo. Kwenye kundi la familia la WhatsApp shemeji yake amekwisha andika, pole Bibi kwa mizimu, na vikatuni vya kucheka. Mwanangu naye ameweka kikatuni. Hakusahihisha. Angeandika tu kwamba Mama alimtoa mtoto pipi mdomoni. Sihitaji aniombe radhi, mtoto wangu namjua, nimemzaa mimi. Ila angesema hivyo.

Jana asubuhi alipita hapa na kahawa yake akaniuliza, Mama umelala? Nikasema nimelala. Nilikuwa na nafasi na sikusema kitu, kwa sababu mkewe alikuwa anavaa viatu pale mlangoni, na sipendi mume na mke wagombane kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe nilikaa na mama mkwe, najua.

Tiketi yangu ni ya Februari. Nimeulizia, inaweza kurudishwa nyuma kwa kuongeza hela kidogo, nikawa nyumbani kabla ya Krismasi, na kuna siku ninaona hilo ndilo la heshima. Lakini mdogo ameanza kutambaa, na wote wawili wanafanya kazi, na ukilipa kituo cha kulelea watoto huku mshahara mmoja wote unaishia huko. Nikiondoka watateseka, na watasema niliondoka kwa sababu ya Halloween. Sitaki kuondoka. Sitaki pia kukaa nyumba ambayo nikiona mtoto anakwamwa nifikirie kwanza nani ananitazama.

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa kama unaweza, hata kwa ufupi. Nizungumze na mwanangu peke yake, au na mkewe kwanza? Na wakishikilia kwenda na wote wawili, nibaki nyumbani au niende nao? Nikienda, kigari cha mdogo nikisukume mimi, au nimwachie mama yake?

Bibi wa Iringa,
kwa sasa Minnesota