Kabla ya kidonge, tuulizwe kuhusu kipandauso

Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mshona kofia wa Wete, Pemba. Tangu usichana wangu, kipandauso hunijia kikitanguliwa na mwanga. Nikiwa nashona, ghafla matundu ya kofia hunipotea machoni, kisha hutokea mistari ya kona kona inayometameta kama ukili uliotiwa rangi, ikitanuka polepole. Baada ya nusu saa hivi mwanga huondoka, ndipo kichwa kinapoanza, upande mmoja, pamoja na kutapika. Nyumbani walisema nina jini. Nimesomewa, nimefukizwa, na siwalaumu wazee wangu. Hawakuwa na jina jengine la kuupa mwanga ule.

Madaktari huuita aura, na wanaoupata ni kama robo ya wenye kipandauso. Mtu mwenye aura ana hatari karibu mara mbili ya kupata kiharusi cha donge la damu kuziba mshipa wa ubongo. Kwa mwanamke kijana hatari hiyo bado ni ndogo, sitaki mtu akose usingizi. Lakini huzidi akivuta sigara, na huzidi akimeza vidonge vya majira vyenye estrojeni, homoni ya kike, kwani estrojeni huifanya damu igande kwa urahisi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeviweka daraja la 4 kwa mwenye aura: asipewe, awe na umri wowote.

Mimi nilipewa. Nilipomwachisha ziwa mtoto wa pili nilikwenda kituoni, nikapimwa presha, nikaondoka na paketi tatu. Habari ya kichwa hakuna aliyeuliza. Nilivimeza miaka miwili, mwanga ukawa unakuja kila wiki, mpaka siku moja mkono wa kushoto ukafa ganzi nimempakata mwanangu. Ganzi iliondoka, lakini hofu ile sijaisahau. Daktari aliyeniona aliuliza maswali mawili tu, akanambia niviache siku ile ile. Sasa nimewekewa kijiti cha uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono, ambacho hakina estrojeni.

Wapo pia wenye kipandauso ambao mimba huwaharibikia moja baada ya nyengine, wakaambiwa wamerogwa. Huenda damu yao ina kingamwili zinazoigandisha, ugonjwa ulioelezwa na Dk. Graham Hughes wa London mwaka 1983. Hujulikana kwa vipimo vya damu vinavyorudiwa baada ya wiki 12, na wengi hufika kujifungua salama kwa aspirini kidogo na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Naiomba Wizara ya Afya Zanzibar iweke swali moja kwenye kadi ya uzazi wa mpango: "Kabla ya kichwa kuuma, huona mwanga au mistari?" Muuguzi asingoje mwanamke aseme mwenyewe. Wengi wetu tunaona haya kuutaja mwanga tuliokwisha kuambiwa ni jini.

Mshona kofia,
Wete, Pemba