Kofi moja si miaka ishirini

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu zamani bila kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya vijana waliopigana sokoni, mkaipa kichwa «Wahalifu wakamatwa», imenichosha. Wahalifu gani? Mmoja alimpiga mwenzake kofi! Sheria yetu ya makosa hapa Kongo, ya mwaka 1940, kifungu cha 46, inasema kumpiga mtu ni kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6, ao faini peke yake. Aliyepigwa akiugua ao akishindwa kufanya kazi, tunaingia kifungu cha 47: miaka 2 mpaka 5. Akifa bila mpigaji kukusudia kifo, ni kifungu cha 48: miaka 5 mpaka 20. Ninyi mnachanganya yote katika sufuria moja.

Na OPJ, wale polisi wa kupeleleza makosa, wanafurahi, maana hofu yetu ndiyo shamba lao. Kijana wa dada yangu alisukumana na mwenye pikipiki, wakarushiana ngumi. OPJ akatuambia: «Mama, hii ni miaka ishirini, gereza la Kasapa linamngojea.» Dada yangu akauza cherehani. Jirani yetu avoka, yaani wakili, akauliza swali moja tu: karatasi ya daktari iko wapi? Haikuwako. Jioni ikatokea, wino mbichi, eti «siku 21 za kutofanya kazi», na sisi asubuhi ile tulimkuta huyo mgonjwa barabarani amepakia abiria wawili, anapiga honi! Karatasi hiyo ndiyo iliyomtoa kijana kwenye kifungu cha 46 ikamtupa kwenye cha 47. Katiba, kifungu cha 18, inataka mtu aelezwe sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa, na saa 48 zikiisha aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Kijana alitia sahihi PV, ile karatasi ya maelezo ya polisi, ya Kifaransa ambayo hakuna aliyemsomea, na saa 48 zilipita tukiwa bado tunabembeleza.

Halafu kule mlangoni pa kasho, chumba cha mahabusu! Unalipa ili sahani ya bukari, yaani ugali, ipite, na mlinzi anachokora sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa kijiti, akiona samaki anamtoa. Hiyo nayo iko kifungu gani?

Pendekezo langu: wale mafundi wanaochora chupa za bia kwenye kuta za baa, waandike kifungu cha 46, 47 na 48 kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kila kasho la Lubumbashi, herufi kubwa kama za bia. Rangi nitanunua mimi. OPJ wachague tu, bluu ao nyekundu.

Mama mmoja wa Katuba