Mwanakhamis, soma hii kabla ya kikao cha Alkhamis

Assalaam alaykum shoga yangu,

Imeli yako nimeipata na lile andiko la mradi wa mwani la hao wa chuo cha nje wanaotaka ushirikiane nao nimelisoma lote, jana usiku na leo tena, na nimefurahi mno kwa ajili yako wallahi, maana tokea tuko chuoni SUZA ulikuwa ukisema ipo siku watu watakuja kukuuliza wewe habari za mwani badala ya wewe kwenda kuwauliza wao. Haya, wamekuja. Umenitaka rai yangu ya kweli na wasapu haitoshi, ndo maana nakuandikia barua.

Rai yangu ni ukubali, lakini uingie tokea kwenye swali la utafiti. Kwenye andiko lile swali lishakamilika, bajeti ishagawiwa, na jina lako linakuja kutokea huko mwisho mwisho, mshirika wa nchini, kazi yake kukusanya sampuli na kufuatilia vibali. Hakuna pahala palipoandikwa kuwa wewe umekaa na kina mama wa Paje na Jambiani miaka na unajua kotonii, ile aina ya mwani wanaoulima, inaanza kufa mwezi gani na kwenye kamba ipi. Hiyo ni elimu, tena hawana wao, na kama haikuingia kwenye swali haitoingia kwenye jibu. Sikwambii hivi kwa kuwadhania ubaya, wengi wao hawajui tu, wanaandika kwa haraka maana wafadhili wana tarehe zao, lakini ukinyamaza sasa utanyamaza mpaka mradi uishe.

Unakumbuka nilivokuwa na ule mradi wa mwanzo, jina silitaji, walokuja wakachukua damu na mkojo wa watoto huku kaskazini upande wa Micheweni? Friza ikajaa, sanduku likapandishwa ndege, baada ya hapo kimya. Makala ilipotoka tuliisikia kwa mtu, sisi wote timu nzima tuko kwenye mstari mmoja wa shukrani huko chini. Lakini wallahi hilo la jina halikuniuma kama lilivoniuma la yule mama alonisimamisha njiani na mtoto mgongoni akaniuliza majibu ya mwanangu yako wapi, mlisema mtaleta. Mie ndo nilomuambia tutaleta. Kwa hiyo nikisoma andiko la mtu sasa hivi kitu cha kwanza natafuta ni hicho, majibu yanarudi vipi kwa watu, nani anayarudisha, na pesa ya kurudisha imewekwa kwenye bajeti au imeachwa kwa huruma ya mtu.

Lakini usidhani nimekata tamaa na ushirikiano, la hasha, mimi ndo kazi yangu ya kila siku na nimeona wema wake. Chukua ile maabara ya hapa Wawi, Pemba. Ivo de Carneri alikuwa Muitaliano mtaalamu wa vimelea, akaipenda Pemba, akafariki 1993, na maabara yenye jina lake ikaja kufunguliwa 2000, miaka saba mwenyewe hayupo! Wenzake wa Milano na Wizara yetu ya Afya ndo walolibeba jambo lile mpaka likasimama, na leo Mpemba alosomea maabara ana pahala pa kufanyia kazi bila ya kuvuka bahari. Mradi una mwisho wake, ila jengo, mashine na watu walofunzwa vinabaki, na mimi mradi napimia hapo.

Na kuna lile jambo la madini ya chuma ambalo watu wengi hapa kisiwani hawajui kama Pemba ilibadilisha ushauri wa dunia nzima. Watoto wadogo, chini ya miaka mitatu, wakipewa chuma na foliki asidi kwa sababu upungufu wa damu ulikuwa mkubwa, jaribio la watoto 24,076, chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na watu wetu, na wafanyakazi wa hapa wakipita nyumba kwa nyumba. Ikaonekana walopewa chuma wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wasopewa, na Agosti 2003 sehemu ile ya chuma ikasimamishwa. Sasa sikiliza hapa: jaribio la mpango ule ule lilikuwa likifanywa Nepal, na kule madhara hayo hayakuonekana. Tofauti ni malaria, sisi wakati ule tulikuwa nayo kwelikweli na kule haikuwepo. Makala zote mbili zikatoka kwenye jarida la tiba la Lancet 2006 na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa pahala penye malaria nyingi. Hebu fikiri kama wangelifanya Nepal peke yake! Wangelituletea vidonge kwa nia njema na watoto wetu wakaumia. Ndo maana nasema kushirikiana kwa nchi na nchi si mapambo ya kwenye andiko ili pesa ipatikane, kuna maswali ambayo nchi moja peke yake itayajibu kwa makosa. Na hapo hapo ujue, hesabu ile isingelikuwa na maana kama wale walokuwa wakipita majumbani hawakuandika sawasawa nani kaumwa na nani kalazwa.

Kichocho nimekiona kwa macho yangu kwa hiyo acha nikwambie na hiki. Tunakwenda skuli, mtoto anapewa kikopo cha mkojo, si wakati wowote bali saa nne mpaka saa nane mchana maana ndo mayai yanatoka kwa wingi, unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano unazipitisha kwenye filta ndogo, filta unaiweka kwenye kioo, halafu unakaa na darubini unahesabu yai moja moja, lina mwiba mmoja kwenye ncha, ukiuona mara moja huusahau. Mwengine anasoma tena baadhi ya vioo vyako bila ya kujua wewe umeandika ngapi. Kazi ya macho na subira. Sasa ule mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho ulokwenda 2012 mpaka 2017 kwenye shehia 90 za Unguja na Pemba, ulikuwa na Wizara yetu wenye watu na vituo, makumbusho ya Natural History Museum ya London wenye kuwajua konokono wanaobeba kichocho, taasisi ya afya ya Swiss TPH ya Basel, Uswisi, na Chuo Kikuu cha Georgia cha Marekani kilokuwa kikisimamia fedha za utafiti. Shehia nyengine zilipata dawa ya prazikwanteli tu, nyengine dawa pamoja na kuua konokono kwenye mito na mabwawa, nyengine dawa pamoja na kubadilisha mazoea ya watu. Na hayo mazoea hayakuandikwa Ulaya yakaletwa, wanavijiji wenyewe, walimu na watoto walikaa wakasema tunaingia mtoni kwa sababu hizi na hizi, na majukwaa ya kufulia ambayo mtu anafua bila ya kuingia majini yakatoka kwenye mazungumzo yale. Ugonjwa ulishuka sana ingawa haukumalizika. Mtaalamu wa Basel anaijua takwimu kuliko mimi, sawa, lakini hakuna darubini itayomwambia kwa nini mama anaendelea kufua mtoni wakati bomba lipo, hilo lazima aulizwe mama.

Na wewe mwani wako wenyewe ni mtoto wa ushirikiano shoga yangu. Profesa Mshigeni alikwenda kusoma Hawaii miaka ya 70 akarudi na elimu ile Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na biashara ilipoanza hapa 1989 mbegu zilitoka Ufilipino. Leo kotonii inakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa joto, na Ufilipino na Malaysia nao wanahangaika na maradhi ya mwani kama sisi, ndo maana programu kama ile GlobalSeaweedSTAR ya 2017 mpaka 2021 iliwakutanisha hao wote pamoja na Uingereza na Tanzania. Kwa hiyo hao wakikwambia wanataka kuchukua vipande vya kotonii yako kwenda kusoma vinasaba mimi sioni ubaya, jibu linaweza kuwa huko. Ila vinasaba ni mali. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iloanza kutumika Oktoba 2014, imewekwa kwa ajili hii hii, kwamba nchi ilotoa mmea au kiumbe ipate haki yake faida ikipatikana. Waulize wazi, mbegu na vinasaba vitawekwa wapi, nani ataruhusiwa kuvitumia mradi ukisha, na ikitokea mbegu inayostahamili joto kina mama wa Jambiani wataipata kwa bei gani.

Haya mambo yanasemwa mwanzo, kama mahari, hakuna anayekaa kuyazungumza baada ya nikah. Na yaandikwe. Wazee wamesema mali bila daftari huisha bila habari, na data ni mali. Profesa mwenyewe anaweza kuwa mtu mwema kabisa halafu akahama chuo, akaja mwengine asiyekujua, hapo ahadi ya mdomo utamuonesha nani?

Kwenye uandishi usione haya hata kidogo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, na majarida mengi hata yasokuwa ya tiba yanafuata, inasema mwandishi ni yule alochangia kwa uzito kwenye wazo au data au uchambuzi, akashiriki kuandika au kusahihisha, akaridhia toleo la mwisho na akakubali kubeba dhamana. Na wanaongeza kuwa alofanya hilo la mwanzo apewe nafasi ya kufanya hayo mengine. Maana yake hawawezi kukuambia wewe ulikusanya tu hukuandika kwa hiyo humo, wakati rasimu hawakukutumia! Wale wa fizikia wa maabara ya CERN huko Ulaya 2015 walitoa makala moja yenye waandishi 5,154, kwa hiyo suala la nafasi ya jina halipo, wasikwambie orodha imekuwa ndefu. Na wale vijana wako wawili wanaoingia majini na wewe kila bamvua, watajwe na wao, mmoja wao si anataka kusoma masters? Dai nafasi ya masomo iwe ndani ya bajeti, tena kwa mtu wa hapa, asome huko arudi. Mimi ningelikuwa wewe hili ningelishikilia kuliko hata posho. Na mashine ikija ije na mafunzo na pesa ya matengenezo, umeona mwenyewe zile zinazofunikwa kitambaa kwa kukosa kipuri kimoja.

Jengine ambalo sikuliona kwenye andiko ni majirani. Kenya wanalima mwani, Madagascar wanalima, bahari ni moja na joto ni moja. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi ya magharibi, makao yake yako hapo hapo mjini Unguja, tokea 1993 wanawakusanya watafiti wa bahari ya ukanda wetu, na kupitia MASMA, programu yao ya fedha za utafiti, watu wamepata fedha za kufanya kazi nchi na nchi bila ya kusubiri mtu wa Ulaya aje awajuulishe. Pendekeza aingizwe mtu wa upande wa Kenya. Siku zote tunatazama nchi tajiri za kaskazini tu kama kwamba elimu inatoka huko peke yake, wakati Unguja iliondokana na mbung'o kwa madume yasozaa yalokuwa yakifugwa Tanga, yakarushwa ili majike wapandwe bila ya kuzaa! Ndio, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilikuwemo na ndege zilikuwemo, zaidi ya milioni 8 walirushwa, mbung'o wa mwisho akakamatwa 1996, lakini waliokuwa wakiwalisha na kuwahesabu kila siku ni watu wa Tanga, ng'ambo tu hapo. Mimi jambo hili hunipa raha kila nikilikumbuka.

Basi Alkhamis kwenye Zoom usianze na malalamiko. Anza na yale unayoyajua, waoneshe picha zako za kamba zilivobadilika rangi na daftari lako la joto la maji, kisha waambie swali la pili kwenye andiko mimi ningeliliandika hivi, na uwe nalo limeandikwa tayari. Mtafiti wa kweli atafurahi, atasema nitumie. Akionekana kukereka napo utakuwa umejua kitu kabla hujasaini. Omba vikao vijavyo viwe saa zinazokufaa na wewe, si kila mara usiku wakati watoto wanalala, na uombe intaneti iingizwe kwenye bajeti maana bando zinakwisha kwa mafaili yao makubwa.

Mama yako nimesikia presha ilipanda, mpe salamu zangu nyingi, nitampigia Ijumaa baada ya swala inshallah. Na wewe wakishakurudishia rasimu ya makubaliano usiisaini siku hiyo hiyo, nitumie niisome, na yule shemegi yangu mwanasheria wa Chake nimeshamuambia yuko tayari kuitazama bila ya malipo, anataka tu umletee ile sabuni ya mwani.

Shoga yako,
Asha
Chake Chake