Meneja wa nishati aanzie kwenye kompresa

Ndugu Mhariri,

Viwanda vingi siku hizi vinaajiri meneja wa nishati, na kazi ya kwanza anayopewa ni kununua paneli za sola. Sola ni njema, lakini ikifungwa kabla ya kuziba upotevu, italisha upotevu uleule.

Aanzie kwenye kompresa, mashine inayogandamiza hewa na kuisukuma kwenye mabomba ya kiwanda. Mashine nyingine zote zikiwa zimezimwa, aiwashe kompresa peke yake na apime muda: inajaza dakika ngapi, inapumzika dakika ngapi. Ikijaza dakika 2 na kupumzika 6, robo ya uwezo wake (dakika 2 kati ya 8) inaishia kwenye mivujo ya hewa. Zaidi ya asilimia 10 si ya kuvumiliwa. Apake povu la sabuni kwenye viungio, mabomba ya mpira na valvu za kutolea maji. Mapovu yanapofura ndipo penye tundu.

Baada ya hapo ashushe mgandamizo: kwa kompresa ya bar 7 (bar ni kipimo cha mgandamizo), kila bar 1 inayopungua huokoa takriban asilimia 7 ya umeme wake. Asishushe kabla ya kuziba, maana mashine za mwisho wa bomba zitakosa nguvu na fundi wa zamu ataupandisha tena usiku.

Mara nyingi haya hukwama kwa sababu meneja huyo hana mamlaka ya kusimamisha mashine hata saa moja. Wakurugenzi, mpeni mamlaka hayo kwa maandishi, na mfungieni kompresa mita yake.

Mkaguzi wa nishati,
Dar es Salaam