Si kila tatizo ni maji kuzidi unga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie msemo ambao waandishi na watangazaji wetu wanaukimbilia kila wanapotaka kusema kwamba hali imekuwa mbaya, nao ni "maji yamezidi unga". Timu ikifungwa mabao mawili kabla ya mapumziko, maji yamezidi unga. Nyanya zikipanda bei sokoni, maji yamezidi unga. Na Aprili 2024, mafuriko yalipozamisha mashamba na nyumba za watu wa Rufiji, nilimsikia mtangazaji akiutumia msemo huohuo kwa watu ambao unga wenyewe ulikuwa umesombwa na maji.

Msemo huu umetoka jikoni, na mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya sufuria hauelewi vizuri. Maji yakichemka, mpishi hukoroga kwanza uji mwepesi, kisha huongeza unga kidogo kidogo huku akisonga kwa mwiko. Maji yakiwa mengi kidogo hakuna neno, kwa kuwa ataongeza unga. Ila siku anapoinamia ndoo akakuta limebaki vumbi tu, hapo ndipo maji yanapokuwa yamezidi: kilichokusudiwa kuwa ugali kimebaki uji, na wageni wamekwisha kunawa.

Kwa hiyo msemo haupimi ubaya wa jambo, bali unasema kwamba jambo limempita uwezo aliyelianza, naye hana akiba ya kuongeza. Mtu aliyeishiwa fedha nyumba ikiwa imefika kwenye linta, maji yamemzidi unga. Timu yenye kipindi kizima mbele yake na wachezaji wa akiba benchi haijafika huko. Aliye hatarini lakini bado anaweza kuokolewa, huyo maji yamemfika shingoni. Na jambo likishapita kabisa tunasema maji yakimwagika hayazoleki. (Aliyefukuzwa kazi, kwa lugha ya mjini, amemwaga unga, hiyo ni habari nyingine, ingawa jiko ni lilelile.)

Ombi langu ni kwamba mhariri, kabla ya kuupandisha msemo huu kwenye kichwa cha habari, amuulize mwandishi unga ni upi na maji ni yapi. Akijibiwa kwamba unga ni madawati 20 na maji ni watoto 120 walioandikishwa darasa la kwanza, basi na auchape kwa herufi kubwa.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro