Nguo inayomkaa mtu vizuri si anasa

Mhariri,

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, na kila msimu wa mahafali na harusi, hurudi mjadala ule ule: iwapo kujali mavazi ni ubatili wa watu wasio na kazi, au ni njia ya mtu kujiheshimu. Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la mitumba la Toi, hapa Nairobi, na ningependa kutaja jambo ambalo naona wabishi wa pande zote mbili hulipita. Nguo humpa mtu ujasiri pale inapomkaa sawasawa hata akaisahau, wala si pale inapowafanya wengine wamkodolee macho.

Wateja wangu wengi huja na mitumba. Kijana aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi hurauka kwenda soko la Gikomba au Toi wakati marobota yanafunguliwa, akabahatika kupata koti la sufu kwa bei anayoimudu, kisha akaniletea koti lililoshonewa mtu mwenye mabega mapana kuliko yake. Akilivaa lilivyo, mshono wa bega humwangukia mkononi, mikono ya koti humfunika vidole, naye hushinda akilivuta huku na huku. Wanaomhoji huona kijana mwenye wasiwasi. Mimi huona koti. Kupunguza kiuno na urefu wa mikono ni kazi ya saa chache, maana ni kufumua bitana, kukata na kurudishia. Bega ndilo gumu, kwa sababu inabidi mkono mzima ung'olewe na kupachikwa upya, tena gharama yake yaweza kuzidi bei ya koti lenyewe. Ndiyo maana huwashauri wanunuzi wachague koti linalowatosha mabegani kwanza, hata kama kwingine ni pana. Likishamkaa, kijana yule yule husimama mbele ya kioo bila kugusa chochote, na hapo ndipo huanza kuzungumzia kazi anayoiendea badala ya koti.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2012, Hajo Adam na Adam Galinsky wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha utafiti uliodai kwamba watu waliovalishwa koti jeupe lililoelezwa kuwa la daktari walikuwa makini zaidi kuliko walioambiwa kwamba koti lilo hilo ni la mchoraji. Utafiti huo umenukuliwa kila mahali, na hadi leo wapo wanaoutumia kuwashawishi vijana wakope pesa za suti. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba watafiti wengine walirudia mojawapo ya majaribio hayo, lile la kulinganisha waliovaa koti hilo na wasiolivaa, wakachapisha matokeo yao mwaka 2019, na hawakuona kwamba koti liliwaongezea watu umakini. Binafsi sikushangaa. Koti la maabara ambalo mtu huvalishwa kwa muda mfupi si lake, hakulichagua wala hakupimiwa, na wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Faida ya mavazi kwa utulivu wa nafsi niliielewa zaidi kwa wateja ambao maduka hayawakumbuki kabisa. Mama mmoja aliyekuwa ameondolewa titi kwa sababu ya saratani aliniambia kwamba alikuwa ameacha kwenda kanisani, si kwa uchovu wa matibabu, bali kwa sababu kila blauzi ilimlalia upande mmoja naye alichoka kutembea akiwa ameinamisha bega ili watu wasitambue. Tulichofanya kilikuwa kidogo: kifuko cha pamba laini ndani ya sidiria cha kutilia pedi, na blauzi yenye marinda machache kifuani. Nguo hiyo haikumponya maradhi, na singependa mtu yeyote aniweke katika kundi la wanaodai hivyo, lakini ilimrudisha miongoni mwa watu.

Kadhalika anayetumia kiti cha magurudumu. Suruali za dukani hukatwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama. Anayeketi mchana kutwa, suruali hiyo humshuka nyuma ikamwacha mgongo wazi, humkunjamana tumboni, na miguu ya suruali hupanda juu ya vifundo. La hatari zaidi ni mifuko ya nyuma yenye mishono minene na vifungo, ambayo humkandamiza pale anapokalia, na asiye na hisia sehemu hiyo anaweza kupata kidonda bila kujua. Dawa yake ni kuinua kiuno cha nyuma, kupunguza cha mbele, kurefusha miguu na kuihamishia mifuko mapajani. Gharama ya mabadiliko hayo haifiki hata karibu na ile ya suti zinazopigiwa debe mitandaoni.

Kuhusu sare za shule nitasema machache tu, kwa kuwa najua hali ya mifuko ya wazazi. Sweta linalonunuliwa kubwa ili mtoto alikulie humfanya awe kichekesho kwa wenzake mwaka mzima. Kwa sketi na suruali, mwombe fundi aache pindo pana ndani, ambalo litafumuliwa mtoto anapoongeza kimo.

Hata hivyo, mtu hawezi kuufurahia mtindo wake ikiwa anauogopa barabarani. Novemba 2014 wanawake waliandamana hapa Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani katika kituo cha matatu, na mwezi uliofuata Kanuni ya Adhabu ikaongezewa kifungu cha 251A, kinachomwekea anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10 gerezani. Sheria ipo. Pamoja na hayo, bado ninao wateja wanaoipenda sketi ilivyo, kisha wakaniomba niirefushe kwa ajili ya stendi tu, na nyingine hubebwa mkobani ili ivaliwe ofisini. Wanaume nao wana yao, ingawa si ya hatari kama hiyo: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa alizipiga marufuku bungeni suti za Kaunda, zile ambazo koti lake huvaliwa bila tai, ilhali Rais mwenyewe alikuwa akizivaa.

Naliomba basi gazeti lako, kurasa zake za mitindo zinapoonyesha vazi, zitaje pia gharama ya kulirekebisha kwa fundi wa mtaani, na ziwavike watu wa maumbo tunayoyapima sisi kila siku, wakiwemo wazee na wenye ulemavu. Nao wanaofunza ushonaji katika vyuo vya kiufundi wawafundishe wanafunzi kumpima mtu akiwa ameketi. Mimi hilo sikulipata darasani; nilifunzwa na mteja aliyekuwa na subira ya kunionyesha, mshono kwa mshono, mahali suruali ilipomuumiza.

Fundi cherehani,
Kibera, Nairobi